Shoka na Mkono Unaolishika

Msomaji anayekianza kitabu cha Isaya kwa ari huanza kuchoka afikapo sura ya 13. Mpaka hapo alikuwa ameshikwa na maono ya hekaluni, na habari za mtoto atakayezaliwa, na mbwa-mwitu atakayekaa pamoja na mwana-kondoo. Mara anajikuta katikati ya mfululizo wa maneno makali juu ya Babeli, Ufilisti, Moabu, Dameski, Kushi, Misri na Tiro, nao haukomi mpaka sura ya 23. Akikimbilia Yeremia, anakutana na mambo yale yale kuanzia sura ya 46 hadi ya 51. Ezekieli anayo kuanzia sura ya 25 hadi ya 32, Amosi anafungua kitabu chake kwa hayo, na Nahumu hana jingine la kusema. Wengi wetu tunazipita kurasa hizo mbio, kwa kuwa majina ya miji ni mageni na miji yenyewe ilishakuwa vifusi. Mimi naziona kuwa zinastahili kusomwa polepole kuliko nyingi nyingine, maana ndani yake mna hoja moja juu ya mamlaka ambayo bado haijajibiwa, na ambayo kwa bahati mbaya huhubiriwa mara nyingi kinyume na ilivyoandikwa.

Nianze na Ashuru, kwa sababu ndiyo dola iliyowalazimisha manabii kulifikiri jambo hili mpaka mwisho wake. Tangu Tiglath-Pileseri wa Tatu aliposhika utawala mwaka 745 KK, majeshi ya Ashuru yalizishukia nchi za magharibi moja baada ya nyingine: Arpadi ikaanguka mwaka 740, Dameski mwaka 732, Samaria mwaka 722 au karibu na hapo, Karkemishi mwaka 717. Isaya aliishi Yerusalemu miaka hiyo, akiuona mpaka wa dola hiyo ukisogea kuelekea kwake. Katika sura ya 10 anaitaja miji hiyo hiyo, lakini anaiweka kinywani mwa mfalme wa Ashuru mwenyewe, anayeuliza kama Kalno si sawa na Karkemishi, na Hamathi si sawa na Arpadi, na Samaria si sawa na Dameski. Kwa mfalme huyo miji ni hesabu tu, na Yerusalemu ni tarakimu inayofuata.

La kushangaza ni kwamba Isaya hamnyimi mfalme huyo nafasi yake. Anamwita fimbo ya hasira ya Mungu, iliyotumwa juu ya taifa lisilomcha, yaani juu ya watu wa nabii mwenyewe. Dola katili kuliko zote za wakati ule ina kazi katika mkono wa Mungu, na Isaya analisema hilo bila kuomba radhi. Shida inaanzia penye nia. Mungu amekusudia hili, asema nabii, lakini mfalme hakusudii hivyo, wala moyo wake haufikiri hivyo. Moyoni mwake mna kuharibu na kukatilia mbali mataifa yasiyo machache. Kisha mfalme anafunguka. Amefanya haya yote kwa nguvu za mkono wake na kwa hekima yake, kwa kuwa ana akili. Ameiondoa mipaka ya watu na kuzipora hazina zao. Mkono wake umezifikia mali za mataifa kama mtu afikiaye kiota, na kama mtu aokotavyo mayai yaliyoachwa ndivyo alivyoiokota dunia yote, wala hapakuwa na aliyetikisa bawa, wala aliyefumbua kinywa, wala aliyelia.

Picha hiyo haina damu hata tone, na hapo ndipo inapotisha. Mshindi ameshinda mara nyingi mno kiasi kwamba haoni tena watu. Anaona mayai, na ukimya wa kiota kisicho na mama anauhesabu kuwa ushahidi wa haki yake. Jibu la nabii linatoka katika karakana: je, shoka litajisifu mbele ya mtu anayelitumia kukatia, au msumeno utajitukuza juu ya yule anayeuvuta? Hasemi kwamba shoka ni butu, wala kwamba halijakata kitu. Limekata kweli kweli. Ila limesahau mkono.

Tunazo habari za upande wa pili pia. Mwaka 701 KK, baada ya Hezekia, mfalme wa Yuda, kukataa kuendelea kulipa kodi ya utii, Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alipanda juu ya Yuda, naye ameeleza safari hiyo kwa maneno yake katika mche wa udongo wenye pande sita uliohifadhiwa British Museum huko London. Anadai kwamba aliteka miji 46 yenye kuta, akatoa humo watu 200,150, na kwamba Hezekia alimfungia Yerusalemu, mji wake wa kifalme, kama ndege katika tundu. Ukiyasoma maneno hayo mara tu baada ya Isaya 10, unatambua kwamba nabii hakuwa amemsingizia mtu. Mmoja alimwona mfalme wa Ashuru kama mpora viota, na mfalme mwenyewe, bila kumjua nabii, alijiona kama mfunga ndege. Tena, ndege aliyefungiwa bado hajachinjwa: Senakeribu hadai popote kwamba aliingia Yerusalemu. Anaharakisha kuorodhesha kodi aliyoletewa, talanta 30 za dhahabu na talanta 800 za fedha, na Kitabu cha Pili cha Wafalme, kikiitaja dhahabu ile ile na talanta 300 za fedha, hakimfichi Hezekia: kinasema alibandua dhahabu iliyokuwa kwenye milango ya hekalu ili alipe. Naupenda sana ukweli huo wa waandishi wa Kiebrania. Wangeweza kutuachia shujaa tu, nao wakatuachia mtu aliyekwangua milango ya nyumba ya Mungu wake kabla hajajifunza kusali.

Hotuba ya Rabshake, mjumbe wa Senakeribu, imo katika Isaya 36, na inafaa isomwe kwa sauti. Anasimama karibu na mfereji wa birika la juu, kwenye njia ya uwanja wa dobi, mahali pale pale ambapo miaka mingi kabla ya hapo Isaya alimwambia Ahazi, baba yake Hezekia, asiogope, na Ahazi asisikie. Anasema Kiyahudi ili watu walioketi ukutani wasikie. Wakuu wa Hezekia wanapomwomba atumie Kiaramu, anawajibu kwamba ujumbe wake ni wa hao walio ukutani hasa, watakaokula na kunywa uchafu wao wenyewe mji ukizingirwa. Anatoa farasi 2,000 za bure, iwapo Hezekia atapata watu wa kuwapanda. Katikati ya dhihaka hizo anatamka jambo zito: kwamba BWANA mwenyewe ndiye aliyemwambia apande juu ya nchi hii na kuiharibu. Msikilizaji aliyemsikia Isaya akisema kuwa Ashuru ni fimbo ya Mungu angebabaika, maana adui anayasema mahubiri ya nabii. Lakini aya chache mbele Rabshake anamweka Mungu wa Israeli kwenye foleni moja na miungu ya Hamathi na Arpadi, akiuliza ni yupi kati yao aliyeiokoa nchi yake. Kiburi kinaweza kabisa kulitaja jina la Mungu, kikajiita mjumbe wake, na papo hapo kikamhesabu miongoni mwa walioshindwa.

Ushindi ambao Senakeribu aliuchonga kutani kwake ni wa Lakishi, mji wa Yuda. Mawe ya chumba hicho cha jumba lake la Ninawi, mji wake mkuu, yalifukuliwa katika miaka ya 1840 chini ya Austen Henry Layard, nayo leo yako katika jumba lile lile la London lenye ule mche wa udongo. Nimewahi kusimama mbele yake, na ni kazi ya mikono stadi ajabu. Unaona magogo ya kubomolea yakipandishwa kwenye matuta ya udongo, walinzi wakirusha mienge kutoka juu, na askari ndani ya chombo kimoja akimwagia maji kwa upawa mrefu ili kisishike moto. Upande wa kulia watu wanatoka mjini na mizigo yao, wanawake na watoto juu ya mikokoteni ya ng'ombe, huku wengine wakichunwa ngozi wakiwa hai. Mwisho wa safu hiyo yupo Senakeribu ameketi juu ya kiti cha enzi mlimani, na maandishi mafupi yanamtaja kama mfalme wa ulimwengu, mfalme wa Ashuru, aliyeketi na nyara za Lakishi zikapita mbele yake. Ukiinua macho umtazame, hana uso. Umechongolewa kwa makusudi, na wataalamu wanadhani ilikuwa mwaka 612 KK, majeshi ya Babeli na Wamedi walipoiteka Ninawi. Mfalme mwenyewe alikuwa ameshauawa mwaka 681, kwa mikono ya wanawe, na Biblia inasema alikuwa akisujudu katika nyumba ya mungu wake. Rabshake alikuwa ameuliza ni mungu gani awezaye kumwokoa mtu.

Nabii Sefania anaueleza mji wa Ninawi kwa tamko moja ambalo kwangu ndilo moyo wa jambo lote. Huu ndio mji wa furaha uliokaa salama, asema, uliosema moyoni mwake: mimi ndiye, wala hapana mwingine ila mimi. Isaya 47 inaweka tamko hilo hilo kinywani mwa Babeli, anayefananishwa na malkia asemaye hatakaa mjane kamwe. Sasa rudi nyuma sura mbili tu, Isaya 45, uone ni nani mwenye maneno hayo kwa haki: mimi ni BWANA, wala hapana mwingine. Taifa lenye kiburi, kwa macho ya manabii, ni lile lililoichukua kauli ya Mungu na kuisema kama yake. Utajiri peke yake haulitii hatiani, wala wingi wa askari. Ezekieli anamsikia Farao akisema hivyo kwa namna ya Misri, mamba mkubwa alalaye katikati ya mito yake na kudai kwamba mto ni wake na yeye ndiye aliyeufanya. Mtu anaweza kumiliki mashamba yote ya bonde la Nile, akajenga mifereji na maghala. Lakini kusema ameufanya mto ni jambo jingine.

Juu ya Tiro, Ezekieli anakaa sura tatu nzima, na huwezi kumlaumu. Tiro haikuteka mtu kwa magogo ya kubomolea. Ilikuwa mji wa kisiwani uliotajirika kwa biashara, na sura ya 27 inauimba kama merikebu: mbao zake misonobari ya Seniri, mlingoti wake mwerezi wa Lebanoni, makasia yake mialoni ya Bashani, tanga lake kitani cha Misri chenye taraza. Kisha inakuja orodha ya shehena, fedha na chuma na bati na risasi kutoka Tarshishi, pembe za ndovu na mpingo, divai ya Helboni na sufu nyeupe kutoka Dameski, ngano na asali na mafuta kutoka Yuda na Israeli. Katika orodha hiyo, baina ya bidhaa, wametajwa wanadamu wanaouzwa, na nabii hasimami kutoa maelezo; anaendelea na vyombo vya shaba. Ndipo upepo wa mashariki unaivunja merikebu hiyo katika moyo wa bahari, na wafanyakazi wake wote, mabaharia, manahodha na wafanya biashara, wanazama nayo. Hayo yote yameandikwa kwa majonzi ya mtu anayejua uzuri wa kitu kinachozama. Katika sura inayofuata ndipo tunapoambiwa kosa: mkuu wa Tiro amesema, mimi ni mungu, nimeketi katika kiti cha Mungu katikati ya bahari.

Hapa lipo jambo ambalo wahubiri wa unabii hupenda kulipita. Ezekieli alisema Nebukadneza, mfalme wa Babeli, angeibomoa Tiro na kuziteka mali zake. Mfalme huyo aliuzingira mji kwa miaka 13, kama alivyoandika Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, na haukumpa alichokitaka. Katika sura ya 29 kuna ujumbe wenye tarehe ya mwaka 571 KK, ambamo nabii mwenyewe anakiri kwamba askari wa Babeli walitumika utumishi mkubwa juu ya Tiro, kila kichwa kikapata upara na kila bega likachubuka, wala hawakupata ujira; kwa hiyo watapewa Misri badala yake. Aliyeuteka mji wa kisiwani kweli kweli ni Aleksanda, mwaka 332 KK, baada ya kujaza bahari kwa mawe na mbao kwa muda wa miezi saba mpaka akautembelea kwa miguu, na hata hivyo Tiro upo hadi leo katika pwani ya Lebanoni. Walioihifadhi Ezekieli waliyaacha maneno yote mawili yakae, la kwanza na la baadaye. Mimi nasoma humo imani ya watu ambao hawakuuona unabii kuwa ratiba ya matukio. Waliushika kama hukumu juu ya tabia fulani ya mamlaka, na hukumu hiyo ilibaki kweli hata pale ujira ulipochelewa.

Babeli ilipofika zamu yake, sauti ya kwanza ya furaha katika Isaya 14 inatoka kwa miti. Misonobari na mierezi ya Lebanoni inamwambia mfalme aliyeanguka kwamba tangu alipolazwa chini, hakuna mkata miti aliyepanda kuja kwao. Si ushairi mtupu. Nebukadneza aliacha maandishi kwenye miamba ya Wadi Brisa, Lebanoni, akijisifia njia aliyoipasua milimani ili kushusha mierezi iende Babeli, na wafalme wa Ashuru walikuwa wamejisifia kazi hiyo hiyo kabla yake. Anaposhushwa aliye juu, wa kwanza kupumua ni wale ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu miongoni mwa walioumizwa. Baada ya miti wanainuka wafalme waliokufa, kutoka viti vyao vya kuzimuni, wakimwambia mgeni wao kwamba naye amekuwa dhaifu kama wao. Yeye aliyesema atapanda mbinguni amekuja kulala juu ya funza.

Hata hivyo, yeyote anayesoma maneno haya kama tangazo la Israeli dhidi ya majirani zake hajamsoma Amosi. Mchungaji huyu wa Tekoa alikwenda kusema katika ufalme wa kaskazini, na alianza kwa kuzunguka: Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Nawafikiria wasikilizaji wakiitikia kwa nguvu zaidi kila jina. Kosa la Moabu ni kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Hakuna Mwisraeli aliyeguswa hapo, Edomu wenyewe ndio kwanza wamehukumiwa, na bado Mungu wa Israeli anaudai mwili wa mfalme huyo. Kisha duara linafunga: Yuda, na mwishowe Israeli, inayopewa maneno marefu kuliko wote kwa kumuuza mhitaji kwa bei ya jozi ya viatu. Kitabu kinapokaribia kwisha Amosi anawaambia kuwa mbele za Mungu wao ni kama wana wa Wakushi, na kwamba yeye aliyewatoa Israeli Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori na Waaramu Kiri. Safari ya kutoka utumwani, jambo walilojivunia kuliko yote, wanaonyeshwa kwamba adui zao pia wamepewa ya kwao.

Ndiyo maana nahuzunika ninaposikia, iwe mimbarini au katika video zinazosambazwa, sura hizi zikitumika kuilaani nchi fulani tusiyoipenda, kana kwamba nabii aliandika kwa niaba ya hasira zetu. Isaya, akiisha kusema kwamba ameisikia habari ya kiburi cha Moabu, kwamba ni kikubwa mno, analia pamoja na Moabu kwa ajili ya mizabibu yake. Moyo wake unatoa sauti kama kinubi. Katika sura hiyo hiyo ya 16 lipo ombi kwamba waliofukuzwa wa Moabu wafichwe, wala wakimbizi wake wasitolewe. Huwezi kuhubiri juu ya kiburi cha taifa ukawafungia mlango wakimbizi wake na bado ukadai unamfuata Isaya.

Juu ya Ninawi Biblia ina vitabu viwili, na vyote viwili vinamalizika kwa swali. Nahumu, aliyesikia mjeledi na mshindo wa magurudumu katika mji wa damu, anauliza ni nani ambaye uovu wake Ninawi haukumpitia siku zote. Yona anamalizia na Mungu akiuliza kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi. Sitaki kuchagua kati ya maswali hayo. La kwanza ni la watu waliochunwa ngozi, na hakuna mwenye haki ya kuwanyamazisha. Ila katika Yona kuna mfalme wa Ninawi anayefanya kwa hiari jambo ambalo wafalme wengine wote katika habari hizi walifanyiwa: anaondoka katika kiti chake cha enzi, anavua joho lake, anajifunika gunia na kuketi majivuni. Uso wake unabaki.

Kuna pia maneno ya Isaya 19, ambayo sijasikia yakihubiriwa kwa kadiri yanavyostahili. Baada ya aya nyingi za kuishusha Misri, nabii anaona njia kuu kutoka Misri mpaka Ashuru, watu wakipita huku na huku na kuabudu pamoja, na Mungu akiwabariki kwa majina: Misri watu wangu, Ashuru kazi ya mikono yangu, na Israeli urithi wangu. Yule aliyesema ameyafanya yote kwa nguvu za mkono wake sasa anaitwa kazi ya mikono ya mwingine, na anaitwa hivyo kwa upendo. Israeli inatajwa ya tatu, baada ya nyumba ya utumwa na baada ya waliochonga kuta za Lakishi. Mtu wa Yuda aliyempoteza ndugu yake Lakishi angepata taabu kubwa kuitikia amina kwa baraka hiyo, na andiko halimpunguzii taabu hiyo hata kidogo.